Namna Ujumbe wa Jiji la Baltimore Unavyotetea Maslahi ya Jiji katika Bunge la Maryland: Mwongozo Kamili kwa Mkazi

Mkazi wa Baltimore akichoka kusubiri basi kwenye baridi, mtu wa kwanza anayemjia akilini ni meya, au diwani wa mtaa wake. Anapiga simu, anaandika barua pepe, na mwisho anaambiwa kwa upole kwamba jambo lenyewe haliko mikononi mwa jiji. Mabasi mengi ya Baltimore ni ya jimbo la Maryland; ya jiji ni yale ya bure tu yaitwayo Charm City Circulator. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato ambacho jiji linaruhusiwa kutoza huwekwa na jimbo, na kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 3.2 kabla ya kupandishwa hadi 3.3 mwaka 2025. Sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka jimboni. Hata polisi wa jiji walikuwa kisheria chombo cha jimbo tangu mwaka 1860, jambo nitakalolirudia mwishoni kwa sababu lina funzo kubwa.

Mambo hayo yote huamuliwa Annapolis, mji mdogo wa pwani ulio kiasi cha kilomita 50 kutoka Baltimore, ndani ya jengo ambalo limetumika kwa kazi ya kutunga sheria tangu mwaka 1779. Huko jiji huwakilishwa na maseneta na wajumbe waliochaguliwa katika mitaa yake, ambao kwa pamoja huitwa ujumbe wa jiji. Neno letu la Kiswahili linafaa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ujumbe ni watu waliotumwa, na ujumbe ni neno walilotumwa kulipeleka. Watu waliotumwa bila neno moja hawana nguvu. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza tangu mwanzo hadi mwisho kwamba jiji hushinda Annapolis pale wajumbe wake wanapokuwa wamekubaliana mapema, na kwamba mkazi anayetaka kusikilizwa lazima awafikie kabla makubaliano hayo hayajafungwa.

Ninawaandikia hasa ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili walioko Baltimore na vitongoji vyake, wakiwamo familia nyingi zilizotoka Kongo kama wakimbizi. Jambo moja liwekwe wazi mapema: kupiga kura ni haki ya raia wa Marekani peke yao, lakini kumwandikia mjumbe, kukutana naye, na kutoa maoni mbele ya kamati hakumhitaji mtu awe raia. Anayezungumza kwa niaba yake mwenyewe bila kulipwa hahitaji pia kujisajili kuwa mshawishi.

Hatua ya kwanza: jua jambo lako liko mikononi mwa nani

Msomaji aliyelelewa Kenya atakuwa amezoea kaunti ambayo mamlaka yake yameandikwa katika katiba ya nchi. Maryland haiko hivyo. Baltimore ni jiji linalojitegemea, halimo ndani ya kaunti yoyote tangu mwaka 1851, na kaunti inayoitwa Baltimore ni serikali nyingine kabisa inayolizunguka jiji. Mwaka 1915 katiba ya jimbo iliongezewa kifungu kinacholiruhusu jiji kuwa na hati yake ya utawala, na wapiga kura wa jiji wanaweza kuibadilisha hati hiyo kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, orodha ya mamlaka ambayo jiji linaweza kuyatumia hutolewa na Bunge la Jimbo, na mambo mengi, hasa ya kodi, yanahitaji ruhusa ya Annapolis kabla baraza la jiji halijayagusa.

Kwa hiyo, kabla ya kumsumbua mtu yeyote, jiulize swali hili: je, kinachonizuia ni kanuni ya jiji, sheria ya jimbo, au uamuzi wa idara fulani ambayo tayari ina mamlaka lakini haijayatumia? Taka zisizozolewa ni jambo la jiji. Ratiba ya basi ni jambo la idara ya usafiri ya jimbo, na huenda likatatuliwa kwa barua ya mjumbe kwa mkuu wa idara bila sheria yoyote mpya. Kodi ya aina mpya inahitaji muswada. Nimeona kikundi cha wazazi kikipoteza miezi minne kikidai sheria, ilhali sheria ilikuwapo na kilichohitajika ni mtu wa kuikumbusha idara husika. Mjumbe mzuri atakwambia hivyo katika mkutano wa kwanza, na usikatishwe tamaa akikwambia.

Hatua ya pili: hesabu kura

Bunge la Maryland lina nyumba mbili. Seneti ina maseneta 47 na Baraza la Wajumbe lina wajumbe 141, kwa kuwa jimbo limegawanywa katika maeneo 47 ya uchaguzi, na kila eneo humtoa seneta mmoja na wajumbe watatu. (Mkenya, ambaye nchi yake ina kaunti 47, atatabasamu kuiona namba hiyo mahali hapa.) Ili muswada upite unahitaji kura 24 katika Seneti na 71 katika Baraza, ambazo ni zaidi ya nusu ya wabunge wote, wawepo au wasiwepo ukumbini. Kura ya turufu ya gavana hubatilishwa kwa tatu ya tano, yaani 29 na 85.

Sasa tazama jiji lina ngapi. Tangu mipaka ilipochorwa upya mwaka 2022, maeneo 40, 41, 45 na 46 yamo ndani ya Baltimore, na eneo la 43 limegawanyika, sehemu moja ikiwa jijini na nyingine katika kaunti ya Baltimore. Hesabu hiyo inalipatia jiji wajumbe 14 kati ya 141, na maseneta watano kati ya 47, mmoja wao akiwa na wapiga kura wa pande zote mbili za mpaka.

Haikuwa hivyo zamani. Sensa ya mwaka 1950 iliwahesabu wakazi 949,708 jijini, wakati jimbo zima lilikuwa na watu 2,343,001. Karibu wawili kati ya kila watano wa Maryland walikuwa wa Baltimore. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi 585,708 kati ya 6,177,224, chini ya mmoja kati ya kila kumi. Viwanda vilifungwa, familia zilihamia vitongojini, na viti vya bunge vilizifuata huko. Jiji lenye kura 14 haliwezi kushinda kwa wingi wake. Ni lazima lipate kura nyingine 57 kutoka kaunti za Montgomery na Prince George's, Ufuo wa Mashariki wa jimbo na kwingineko. Kila kinachoelezwa hapa chini kinatokana na hesabu hiyo, na sensa ijayo, kwa sababu hiyo hiyo, inamhusu hata mtoto mchanga wa familia ya wakimbizi, kwa kuwa sensa humhesabu kila mkazi bila kujali hati zake.

Hatua ya tatu: wajue wajumbe wako, na kamati wanazokaa

Tovuti ya bunge ina ukurasa wa kutafutia wabunge kwa anwani ya nyumba. Andika anwani yako, utapata majina ya seneta na wajumbe wako. Usiishie kwenye majina. Andika pembeni ya kila jina kamati anayokaa, kwa maana kazi ya kweli ya bunge hufanyika katika kamati, na mjumbe aliye ndani ya kamati inayoshughulikia jambo lako ana thamani zaidi kwako, hata kama si wa eneo lako, kuliko jirani yako aliye katika kamati nyingine. Mambo ya fedha katika Seneti hupita katika kamati ya bajeti na kodi. Katika Baraza hugawanywa kati ya kamati ya matumizi na kamati ya mapato.

Angalia pia vyeo. Bill Ferguson, seneta wa eneo la 46 lililoko Baltimore, amekuwa Rais wa Seneti tangu Januari 2020. Mtu mmoja katika kiti hicho huamua mambo ambayo kura tano za kawaida haziwezi kuyaamua, ingawa naye hana budi kuwaridhisha maseneta wa jimbo zima waliomkalisha pale. Jiji lenye uwezo mdogo wa namba huishi kwa vyeo vya namna hiyo.

Wabunge huchaguliwa kila baada ya miaka minne. Kiti kikibaki wazi katikati ya kipindi, hakuna uchaguzi mdogo wa papo hapo. Kamati kuu ya chama chake katika eneo hilo hupendekeza jina na gavana humteua. Ni watu wachache sana wanaohudhuria vikao vya kamati hizo, na ukitaka kujua nani atakuwa seneta wa kesho, huko ndiko pa kukaa.

Hatua ya nne: anza kabla ya Januari

Bunge hukutana kwa siku 90 tu kwa mwaka, kuanzia Jumatano ya pili ya Januari hadi Aprili. Ndani ya siku hizo miswada zaidi ya elfu mbili huwasilishwa. Mtu anayempigia mjumbe simu mwezi Februari akiwa na wazo jipya amechelewa, kwani muda wa kuwasilisha miswada hufungwa mapema mwezi huo, na unaokuja baadaye hupelekwa katika kamati ya kanuni, ambako mingi haitoki.

Wakati mzuri ni kati ya Juni na Novemba. Wajumbe wako nyumbani, wanafanya kazi zao nyingine, wanahudhuria mikutano ya mitaa na kula kwenye sherehe za makanisa na misikiti. Mwombe nusu saa. Nenda na watu wawili au watatu, wasizidi watano, na mmoja wao awe mtu aliyeumizwa na jambo lenyewe. Peleka karatasi moja, ukurasa mmoja, yenye mambo manne: tatizo ni nini, linamgusa nani na wapi, sheria gani au idara gani inahusika, na unataka mjumbe afanye nini hasa. Hilo la nne ndilo watu wengi hulisahau. Wanamweleza mheshimiwa machungu yao yote, anawasikiliza kwa huruma ya kweli, wanaagana kwa mikono miwili, na hakuna aliyemwomba kitu.

Wakati huo huo, fikisha jambo lako kwa ofisi ya meya inayoshughulikia uhusiano na serikali nyingine, kwa sababu jiji huandaa orodha yake ya vipaumbele kabla ya kikao na kuituma Annapolis pamoja na watumishi wa kuisemea. Jambo lililomo katika orodha ya meya na pia mfukoni mwa mjumbe lina miguu miwili.

Kuna milango miwili midogo ambayo wahamiaji wengi hawaijui. Wa kwanza ni maombi ya fedha za ujenzi kwa miradi ya mitaa: kikundi kisicho cha faida kinachotaka kukarabati ukumbi, kituo cha vijana au zahanati kinaweza kumwomba mjumbe au seneta akiombee fungu katika bajeti ya ujenzi ya jimbo. Fedha hizo ni za majengo na vifaa vya kudumu, hazilipi mishahara. Mtaulizwa makadirio ya gharama na haki yenu juu ya jengo, basi viwekeni tayari kabla ya Desemba. Mlango wa pili ni ufadhili wa masomo. Kila seneta na kila mjumbe wa Maryland ana fungu la kuwasaidia wanafunzi wakazi wa jimbo wanaokwenda chuo. Fomu na tarehe hutofautiana kati ya ofisi na ofisi, kwa hiyo piga simu kwa kila mmoja wa wabunge wako.

Hatua ya tano: jifunze kuusoma muswada

Muswada wa Maryland una maandishi ambayo mtu akiyazoea huyasoma upesi. Ufungue, shuka hadi kwenye vifungu. Maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu ni yale yanayoongezwa katika sheria. Maneno yaliyofungwa katika mabano ya mraba ni yale yanayoondolewa. Yaliyo katika herufi za kawaida yamo katika sheria tayari na yanabaki. Ukiona mstari umekata neno, jua kamati imelifuta; ukiona mstari chini ya neno, jua kamati imeliongeza. Soma kwanza herufi kubwa zote, kisha mabano yote, halafu rudi usome kifungu kizima. Utashangaa ni mara ngapi kichwa cha muswada kinaahidi jambo kubwa na herufi kubwa zilizomo ni maneno sita tu.

Kisha fungua maelezo ya gharama, yanayoandaliwa na wataalamu wa bunge wasioegemea upande wowote kwa karibu kila muswada. Humo mna sehemu inayoeleza athari kwa jimbo na sehemu inayoeleza athari kwa serikali za mitaa. Muswada unaohusu Baltimore peke yake kwa kawaida huanza kwa jina la jiji katika kichwa chake, lakini usidanganyike: muswada wa jimbo zima unaobadilisha mstari mmoja wa kanuni ya kugawa fedha za shule unaweza kuligusa jiji kuliko miswada kumi yenye jina lake. Ujumbe makini huisoma yote, na mkazi anayeukumbusha ujumbe huo mstari ulioupita anaheshimika haraka.

Angalia mwisho kama muswada una pacha wake katika nyumba ya pili. Miswada mingi yenye nguvu huwasilishwa pande zote mbili kwa wakati mmoja ili ifanyiwe kazi sambamba, kwa kuwa ipo tarehe mwezi Machi ambayo muswada usiokuwa umevuka kwenda nyumba ya pili unapoteza uhakika wa kusikilizwa huko.

Hatua ya sita: kura ndani ya ujumbe

Hapa ndipo mahali penye uzito kuliko pote, na ndipo wananchi wachache hufika.

Muswada unaohusu jiji peke yake, kabla kamati ya Baraza haijauamua, hupelekwa kwa ujumbe wa jiji ili utoe msimamo. Wajumbe wa jiji hukutana wakati wa kikao, chini ya mwenyekiti wao, wanamsikiliza mwenye muswada, wanawasikiliza maofisa wa jiji, kisha wanapiga kura. Msimamo wao hupelekwa kwenye kamati. Maseneta wa jiji nao hushauriana kwa namna yao. Kutoka hapo inaanza kazi desturi ambayo haikuandikwa katika katiba lakini ina nguvu karibu sawa na sheria: wabunge wa maeneo mengine huufuata ujumbe wa mahali husika. Mjumbe kutoka milima ya magharibi ya Maryland, asiyejua hata mtaa mmoja wa Baltimore, atapiga kura ya ndiyo kwa leseni ya pombe ya Baltimore kwa sababu ujumbe wa Baltimore umesema ndiyo, na kesho yake atatarajia Baltimore impigie ndiyo kwa jambo la kaunti yake.

Desturi hiyo ndiyo inayozigeuza kura 14 kuwa 71. Lakini ina masharti yake. Haifanyi kazi jambo likigharimu fedha nyingi za jimbo zima. Haifanyi kazi pia jambo likigusa imani kali za vyama. Na zaidi ya yote, haifanyi kazi ujumbe ukigawanyika. Wajumbe wanane wakisema ndiyo na sita wakasema hapana, mwenyekiti wa kamati ana sababu nzuri ya kuuacha muswada ulale mezani hadi siku ya mwisho, na hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa atasema jiji lenyewe halijui linachotaka. Vita vya panzi ni neema ya kunguru, na Annapolis ina kunguru wengi wenye miswada yao wenyewe inayohitaji muda ule ule.

Kwa hiyo, kabla ya kura hiyo, fanya hesabu ya wajumbe 14 kwa majina. Weka alama ya walio nawe, wasio nawe na wasioamua. Waendee wasioamua kwa kuwatumia watu wa maeneo yao wenyewe. Mkazi wa eneo la 41 amwendee mjumbe wa 41. Kwa asiyekubali, uliza anakataa nini hasa, kwa sababu mara nyingi ni kifungu kimoja ambacho kinaweza kurekebishwa. Na ukigundua kwamba meya anaupinga muswada wako, usisonge mbele ukijifanya hujui. Wajumbe wengi hawatataka kuonekana wanalipinga jiji lao mbele ya wageni. Kaa na watu wa meya kwanza.

Hatua ya saba: siku ya kusikilizwa

Maryland ina sifa njema ambayo majimbo mengi ya Marekani hayana: kwa desturi karibu kila muswada hupewa siku ya kusikilizwa hadharani. Fungua akaunti katika tovuti ya bunge, jiandikishe kuzungumza au kuwasilisha maoni ya maandishi, na ufanye hivyo mara tu dirisha la kujiandikisha linapofunguliwa, kwani hufungwa kabla ya siku yenyewe. Baadhi ya kamati huruhusu kuzungumza kwa njia ya video, ingawa mimi humshauri anayeweza kusafiri asafiri.

Chumba chenyewe ni hivi. Wabunge wamekaa kwenye viti vilivyoinuka vilivyopangwa kama mwezi mchanga, kila mmoja na kompyuta mbele yake, baadhi wakisoma, wengine wakitoka na kuingia kwa sababu wana miswada yao katika chumba kingine. Umeitwa baada ya kusubiri saa tatu. Unakaa mbele ya kipaza sauti pamoja na watu watatu usiowajua, na una dakika mbili. Mtu aliyeandaa hotuba ya dakika kumi hukatwa katikati ya salamu.

Tumia basi maneno kama haya, kwa Kiingereza chako cha kawaida: jina langu ni fulani, ninaishi mtaa fulani katika eneo la 45, ninaunga mkono muswada namba fulani. Mwanangu huondoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi kwa sababu basi la kwanza likimpita, la pili humfikisha shuleni darasa limeshaanza. Muswada huu utailazimisha idara itangaze kila mwezi mabasi mangapi yamechelewa katika njia hiyo. Ninaomba kamati iupitishe. Asante. Hayo ni maneno ya chini ya dakika moja, na yana mtu, mahali, saa na ombi. Muda uliobaki waachie wakuulize swali; mjumbe akikuuliza swali, ujue amekusikia. Mambo ya takwimu na sheria yaweke katika maandishi uliyoyatuma, ambayo watumishi wa kamati watayasoma jioni.

Hatua ya nane: fuata fedha, na ujue bei yake

Bajeti huletwa na gavana mwezi Januari, na katiba inalitaka bunge liipitishe kufikia siku ya 83 ya kikao. Kwa zaidi ya miaka mia moja bunge liliweza kupunguza tu mafungu ya gavana, halikuweza kuyaongeza. Wapiga kura walibadilisha jambo hilo mwaka 2020, na kuanzia bajeti ya mwaka wa fedha 2024 bunge linaweza kuongeza au kuhamisha mafungu maadamu jumla ya gavana haipitwi. Kwa ujumbe wa jiji hiyo ni nguvu mpya, na pia ni lawama mpya, kwa sababu hauwezi tena kusema kwamba mikono yake imefungwa.

Mfano bora ninaoujua wa ujumbe kuleta fedha nyumbani ni sheria ya mwaka 2013 ya kujenga upya shule za Baltimore. Majengo yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba mengine hayakuwa na joto la uhakika wakati wa baridi wala maji salama ya kunywa kwenye mabomba. Walimu, wazazi na makanisa waliungana, meya na ujumbe wakasimama pamoja, na ukapatikana mpango wa kutoa hatifungani za takriban dola bilioni 1, zikilipwa kwa dola milioni 60 kila mwaka: milioni 20 kutoka jimboni, milioni 20 kutoka jijini na milioni 20 kutoka kwa shule zenyewe. Jiji lilikuwa limekwisha kujiwekea sehemu yake, kwa kuipandisha kodi ya chupa za vinywaji kutoka senti 2 hadi 5. Wabunge wa kaunti nyingine waliona jiji limeweka lake mezani, wakapata la kuwaambia wapiga kura wao. Lakini hawakuzikabidhi fedha hizo bila masharti. Ujenzi uliwekwa chini ya mamlaka ya jimbo inayojenga viwanja vya michezo, na matumizi yakawa chini ya makubaliano ya pande nne. Wako waliohuzunika kwamba jiji halikuaminiwa peke yake, na ninaielewa huzuni hiyo. Shule zimejengwa.

Upande wa pili ni njia ya reli ya mjini iitwayo Red Line, iliyokusudiwa kuliunganisha jiji kutoka magharibi hadi mashariki. Ujumbe uliisemea kwa miaka, fedha za shirikisho za kiasi cha dola milioni 900 zilikuwa zimeahidiwa, na mwezi Juni 2015 Gavana Larry Hogan aliufuta mradi. Gavana Wes Moore aliufufua mwaka 2023. Ujumbe unaweza kushinda kila kura bungeni na bado ukasimamishwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya utekelezaji, kwa hiyo jambo lolote kubwa la jiji linahitaji kuulizwa kwa wagombea ugavana kabla hawajachaguliwa.

Hatua ya tisa: linapotokea la ghafla

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2024, meli ya mizigo iitwayo Dali iligonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja likaanguka, na wafanyakazi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara juu yake wakafariki. Bandari ya Baltimore ilifungwa, na maelfu ya watu wanaoitegemea wakabaki bila kazi. Kikao cha bunge kilikuwa kimebakiza chini ya wiki mbili, na muda wa kuwasilisha miswada ulikuwa umepita zamani.

Seneta Ferguson, ambaye eneo lake linagusa bandari, aliwasilisha muswada wa dharura. Muswada wa namna hiyo unahitaji tatu ya tano ya kila nyumba, na ukipata huanza kutumika mara tu gavana anapotia sahihi. Ulipita kabla kikao hakijafungwa tarehe 8 Aprili, na gavana akautia sahihi kesho yake. Uliruhusu akiba ya jimbo itumike kuwasaidia wafanyakazi na wafanyabiashara wa bandari, na ndani yake mkawamo pia ufadhili wa masomo kwa familia za wafanyakazi wa usafiri waliofia kazini. Kilichowezesha kasi hiyo ni kwamba ujumbe wa jiji na ule wa kaunti jirani, mahali ambapo daraja lilitua upande wa pili, walikuwa wanazungumza siku zote. Uhusiano wa dharura haujengwi siku ya dharura.

Hatua ya kumi: baada ya usiku wa manane wa Aprili

Kikao kikifungwa, andika mambo matatu: muswada ulifika wapi, nani alikusaidia, na nani alikwama wapi. Waandikie shukrani waliokusaidia, hata kama mlishindwa. Muswada ulioshindwa mwaka huu hauendelei wenyewe mwakani. Lazima uwasilishwe upya, na mingi mizuri hupita katika jaribio la pili au la tatu.

Ukipita, angalia tarehe ya kuanza kutumika, ambayo mara nyingi ni 1 Julai au 1 Oktoba, kisha ufuatilie kama idara husika imeandaa kanuni. Na hapa narudi kwenye polisi. Mwaka 2021, baada ya miaka mingi ya madai, bunge lilipitisha sheria ya kulirudishia jiji polisi wake, kwa sharti kwamba wapiga kura wa jiji wakubali. Mwezi Novemba 2022 walikubali kwa wingi mkubwa. Watu walisherehekea, kisha ikadhihirika kwamba kifungu kimoja katika orodha ya mamlaka ya jiji kilibaki kama kilivyokuwa, kikilizuia baraza la jiji kutunga kanuni yoyote inayowahusu polisi. Ikabidi ujumbe urudi Annapolis, na wapiga kura wakarudi vituoni mwezi Novemba 2024 kukiondoa. Kwa hiyo, muswada wako ukishatiwa sahihi, chukua hati ya jiji na kitabu cha sheria za jimbo, tafuta kila mahali jambo lako linapotajwa, na umwulize mjumbe wako kwa maandishi kama kuna kifungu kingine kinachopingana nalo. Fanya hivyo mwezi Mei, wakati bado kuna miezi ya kutosha ya kuandaa marekebisho kabla ya Januari.